Bakteria Wafeli Mtihani wa Siha

Umma utangaziwe kwa fahari kuu: kamati yetu tukufu ya kuidhinisha dawa hospitalini imewafanyia bakteria mtihani wa siha.

Wamefeli wote.

Mimi ndiye katibu, nilikuwepo, na ukumbi wa chini ulijaa watu hadi mlangoni. Mtafiti, dada mmoja mpole, alileta kichupa ndani ya boksi la barafu. Akaeleza kwamba hiyo ni chanjo ya majaribio, na bakteria waliomo wamedhoofishwa makusudi wasimdhuru mtoto. Kazi yao ni kubeba kipande cha DNA kitakachoufundisha mwili kuitambua saratani na kupambana nayo.

"Wamedhoofishwa?" Mwenyekiti akaruka. "Kanuni iko wazi: kila mbebaji wa mzigo wa serikali awe na nguvu zake timamu. Walisheni kwanza!"

"Wakipata nguvu wataua watoto, mheshimiwa."

"Hilo ni la idara nyingine."

Tukawapangia mbio za mita moja, kwa huruma tu. Hawakusogea. Walipoulizwa sababu, hawakujibu, nikaandika: kiburi.

Hapo akasimama mama mshonaji, tepu ya kupimia bado shingoni. Binti yake mdogo, aliyelazwa wodini, alitolewa uvimbe wa saratani tumboni, na daktari anahofia utarudi. Chanjo hiyo anayoingojea ikilala hadi kesho, imeharibika.

"Baba," akamwuliza Mwenyekiti, "hiyo kanuni ni ya wabebaji wote?"

"Wote, mama. Hatubagui."

"Na hilo faili kwapani mwako ni la serikali?"

"La serikali, tena nyeti!"

"Haya, panda nalo ngazi tukuone."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Nani asiyejua? Lifti ilikufa zamani, na Mwenyekiti hupelekwa ofisini kwake, ghorofa ya tatu, akiwa ameketi kitini, walinzi wamemwinua juu juu kama bwana harusi.

"Mtihani ni mtihani, bosi," mlinzi mmoja akasema, akijikanda kiuno.

Akapanda. Kwenye ngazi ya sita akakaa kitako, anahema, akaitisha kikao cha dharura palepale. Tukapitisha kwa kauli moja: udhaifu si kosa, mradi mbebaji awe amebeba kitu cha maana.

Mama mshonaji hakungoja makofi. Alimkamata mtafiti mkono, wakatimka na boksi lao kuelekea wodini.

Sasa tumeunda kamati ndogo ichunguze Mwenyekiti naye amebeba nini cha maana miaka yote hii. Mpaka majibu yatoke, walinzi wamekataa kumgusa.

Chai anapelekewa hapohapo ngazini.