Dhamana ya Haidrojeni

Kwa furaha kubwa umma unaarifiwa kwamba Idara yetu ya Mahabusu ndiyo ya kwanza duniani kumfungulia haidrojeni jalada. Mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyofanya kazi hiyo, kwa hiyo haya siyo maneno ya kuokota.

Yalianza kwa barua. Profesa mmoja wa uhandisi wa mitambo, mama mwembamba tuliyemwita Mama Betri, aliomba kibali cha kuendelea na utafiti wa “betri na seli za mafuta”. Betri hazikutuhusu. Lakini seli ni chumba cha mahabusu, neno letu tangu enzi. Mkurugenzi akalipigia mstari mwekundu, akamwita ofisini.

“Mafuta yamekosa nini?”

“Hayajakosa kitu, mheshimiwa. Seli hii ni chombo. Haidrojeni inaingia upande huu, hewa upande huu, unapata umeme. Kinachotoka ni maji tu.”

“Mama, miaka ishirini na sita nasikia ‘hajakosa kitu’. Ndani kuna nani?”

“Haidrojeni.”

“Katibu, andika.”

Nikaandika. Jina: Haidrojeni. Jina la baba: hakumbuki. Uzito: mdogo mno. Alama za mwili: haonekani. Mkurugenzi alipofika hapo akavua miwani.

“Haonekani maana yake katoroka.”

“Ametoka akiwa maji, mheshimiwa.”

“Umeona? Na sura kabadilisha.”

Kamati ilikaa siku nne, ikaamua kwa busara: haidrojeni asiachiliwe bila hati yenye saini ya Mkurugenzi na ya mdhamini, mtambo uletwe makao makuu ufungwe lakiri, maabara igeuzwe ghala la viti vibovu. Kazi ya Profesa ya miaka saba hiyo.

“Kaka,” Profesa aliniambia koridoni, “mashine hii nimeilea kuliko nilivyowalea wanangu.”

Nilimwonea huruma sana. Nikamgongea muhuri.

Siku ya kukabidhi alikuja na toroli: seli ya ukubwa wa jokofu dogo, tangi lake, na betri zimepangwa kama matofali. Mkurugenzi akaingia kwenye lifti ashuke kuupokea mtambo. Umeme ukakatika. Jenereta nalo lilikuwa likisubiri kamati ya dizeli itimize akidi.

Sauti ikatoka ukutani, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. “Katibu, fanya kitu.”

“Profesa anaweza kuishusha lifti kwa mtambo wake, mkuu. Ila haidrojeni hatoki bila hati.”

“Nimemwachilia.”

“Kwa mdomo, mkuu?”

Ni yeye aliyetufundisha kwamba neno la mdomo halina muhuri.

Nikapanda ngazi, nikapenyeza fomu kwenye ufa wa mlango.

“Sioni kitu humu.”

“Saini pote, mkuu.”

Akasaini pote: penye mwombaji, penye mwidhinishaji, penye mdhamini. Fundi wa lifti akaunga nyaya, Profesa akafungua vali. Mtambo haukupiga hata kelele. Lifti ikashuka taratibu, Mkurugenzi akatoka amelowa jasho, tai mkononi.

Profesa alikuwa anasoma nyuma ya fomu, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya.

“‘Mdhamini ataripoti kwenye makazi ya mshtakiwa kila Jumatatu saa mbili asubuhi, hadi kesi iishe.’ Sawa. Mshtakiwa anakaa kwangu, maabara. ‘Makazi ya mshtakiwa hayatageuzwa matumizi.’ Kanuni ya tisa hii. Imetiwa saini na wewe, mheshimiwa.”

Mkurugenzi akanigeukia. “Kesi itaisha lini?”

“Mshtakiwa akikubali kutoa maelezo, mkuu.”

Huu ni mwaka wa pili. Utafiti unaendelea vizuri, nasikia sasa betri zinakaa na umeme wiki nzima. Kila Jumatatu Mkurugenzi hufika maabara, hupanga foleni nyuma ya wanafunzi na kusaini daftari. Profesa humkabidhi glasi ya maji yaliyotoka kwenye seli asubuhi hiyo. Mkurugenzi huinua glasi dirishani, huichungulia kwa makini, kisha hutamka kama sheria inavyotaka: “Ndiye.”

Halafu husimama pale, mikono nyuma, akingoja aambiwe anaweza kwenda.