Malalamiko Kuhusu Vipindi Viwili vya Hesabu Alivyonyimwa Larissa

Saint-Josse, tarehe 9 Julai

Kwa Padri Freddy,
Mjumbe wa Bodi ya Shule (ile ya Uccle yenye miti mingi kuliko wanafunzi)

Mheshimiwa Padri, mwalimu wangu wa zamani,

Nakuamkia kwa heshima zote ulizonifundisha kule Likasi, Kongo, pamoja na zile nilizojifunza mwenyewe baada ya kuoa. Huenda umenisahau. Mimi ni Séraphin Banza, benchi la tatu upande wa dirisha, mchepuo wa Math-Physique, miaka thelathini na miwili iliyopita. Siku hizi ni fundi wa lifti hapa Brussels. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe unakijua, na kwa sababu Kifaransa changu, nikikasirika, hukimbia na kuniacha peke yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu Larissa, miaka kumi na sita, anaingia mwaka wa tano katika shule yenu. Kama ujuavyo, kuanzia mwaka huo watoto hugawanywa katika somo la hesabu: wapo wa vipindi viwili kwa wiki, wapo wa vinne, wapo wa sita. Wa sita ndio wenye nguvu, ndio mainjinia wa kesho. Larissa amepata themanini na moja kwa mia. Juzijuzi tukaletewa orodha ya masomo yake. Nikavaa miwani, nikasoma: vipindi vinne. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena: bado vinne. Mgawanyo wa madarasa unafungwa mwisho wa wiki ijayo, na baada ya hapo, naambiwa, mlango wa uinjinia utafungwa nao. Hivyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, kama ulivyotuzoesha.

1. Poda. Kwetu, na wewe ni shahidi, mtoto akifaulu mtihani wa taifa humwagiwa poda kichwani mpaka afanane na mkate ambao haujaokwa. Nakiri kwamba hapa hakuna mtihani wa taifa mwaka wa nne, na kwamba hatukuisubiri orodha. Lakini themanini na moja ni themanini na moja. Siku ya matokeo tulimngoja kwenye kituo cha tramu karibu na lango lenu, mimi, mke wangu Michelle na makopo matatu ya poda ya watoto wachanga. Bibi mmoja wa Kibelgiji alidhani kuna ajali, akataka kuita zimamoto. Picha zilifika Likasi kabla tramu haijafika, na mama yangu mzazi, Mujinga, akachinja kuku wawili. Sasa, Padri, poda ile ilikuwa ya vipindi sita. Nani ataizoa? Na kuku je?

2. Namba zenu. Nimezichunguza: mbili, nne, sita. Tatu iko wapi? Tano iko wapi? Nenda Matonge, mtaani kwetu Wakongo hapa Brussels, kwa muuza samaki wa chumvi. Yeye aseme sita, wewe useme nne, mtakutana kwenye tano, mtacheka, na pilipili atakuongezea. Ninyi mmeziondoa namba zote za maelewano, kisha mnashangaa wazazi wakiandika barua.

3. Kunyimwa kisichokuwepo. Nimesoma mpangilio wa masomo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wote wataanza na fungsheni, kisha watafika kwenye zile hesabu za mabadiliko, nimekubali. Lakini mwaka wa sita, watoto wa vipindi sita peke yao watafundishwa mzizi wa hasi moja, namba ambayo walimu wenyewe wanakiri kwamba ni ya kufikirika tu. Kumnyima mtoto mkate naelewa, pengine mkate umekwisha. Kumnyima kitu ambacho hakipo, ambacho kingewatosha watoto wote wa Ubelgiji na kikabaki, huo ni uchoyo ambao sijauona hata kwa wenye nyumba wa hapa Saint-Josse.

4. Jumapili. Hujui, Padri, yanayotokea siku hizi nje ya kanisa baada ya misa. Zamani watu waliulizana habari za afya. Sasa wanaulizana: «Wako iko mu heures ngapi?», yaani mwanao ana vipindi vingapi. Ndugu Aristote, ambaye tulikuja naye nchi hii mwaka mmoja na ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kupanda metro, mwanawe Hervé yuko kwenye sita. Tangu hapo Aristote ndiye anayefungua mikutano ya chama chetu, ndiye anayekata nyama kwenye sherehe, na anaikata polepole. Mimi nilipoulizwa, nilikohoa. Nilikohoa mpaka Mama Graciella wa kwaya akanipigapiga mgongoni, akasema kwa huruma iliyonichoma kuliko dharau: «Bon, tusikufuru, papa. Hata quatre ni chiffre.» Yaani nne nayo ni namba.

Malalamiko namba tano nayaruka kwa makusudi, ili bodi yenu ionje jinsi namba inavyouma ikikosekana.

6. Kazi yangu. Nimetengeneza lifti miaka kumi na tisa. Najua kwamba mtu akibonyeza sita, lifti ikamshusha ghorofa ya nne, kosa si la abiria. Hatumwambii azoee, kwamba ya nne nayo ina madirisha mazuri. Tunafungua mtambo, tunatafuta waya uliolegea. Katika mtambo wenu, kwa heshima kabisa, waya huo ni Madame Céline, mwalimu wake wa hesabu. Sina ushahidi dhidi yake, ila kwamba kwenye mkutano wa wazazi alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akalimeza, akanipa mkono. Mtu mwenye dhamiri safi angemaliza sentensi yake.

7. Kimya cha Larissa. Hili ndilo linaloniuma kweli, mengine ni maneno tu. Tangu orodha ifike, mtoto hajalalamika hata mara moja. Anakula, anasuuza sahani yake, anaingia chumbani. Nikianza kueleza mezani jinsi nitakavyompigania, anatazama wali. Aliyeonewa hivi bila kupiga kelele ameumia hadi mfupani, na mimi babake siwezi kukaa nikitazama.

Kwa hiyo ninaomba, na maombi yangu ni ya mtu mwenye kiasi: Larissa ahamishiwe vipindi sita. Ikiwa darasa limejaa, nitaleta kiti kutoka nyumbani, tunavyo viwili visivyo na kazi, na nitakibeba mwenyewe ndani ya tramu. Ikiwa tatizo si kiti, basi fungueni daraja la vipindi vinane, awe humo peke yake, na mwalimu akichoka mimi nitamshikia chaki. Ikiwa hilo nalo ni gumu, washusheni wote wa sita waje kwenye vinne, wakianza na Hervé. Hapo haki itakuwa imetendeka na serikali itakuwa imeokoa umeme. Na ikiwa yote haya yameshindikana, niandikieni cheti chenye muhuri, kinachosema kwamba mzazi wa Larissa ni mzazi wa vipindi sita, bila kujali mtoto. Cheti hicho kisomwe kanisani kabla ya matangazo ya ndoa.

Nisalimie mkuu wa shule, mlinzi wenu Frederik ambaye hunifungulia lango hata nikichelewa, mapadri wote wa nyumba ya wazee unakoishi, na yule mpishi wenu anayejua kupika ugali kwa kumbukumbu. Msalimie pia Madame Céline, lakini kwa kipimo cha vipindi vinne.

Nabaki mwanafunzi wako katika Kristo na katika aljebra,

Séraphin Banza

Tanbihi. Barua ilipokwisha nilimpa Larissa aisome, ili aone babake anavyompigania. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye lifti alitabasamu, nikafurahi. Alipofika namba saba akaketi, akasema: «Papa, si bo. Madame Céline alisema niende mu six. Ni miye nilichagula quatre. Maman ndiye alisigner karatasi.» Yaani si shule iliyomnyima sita; nne alizichagua mwenyewe.

Nikamgeukia Michelle. Alikuwa anapiga pasi, akaendelea kupiga shati lile lile, mkono ule ule wa shati. Kumbe alitia sahihi tangu mwezi wa tano! Na siku tatu hizi amekuwa akiniletea chai ya kuandikia barua hii, na maandazi juu yake. Madame Céline naye, nasikia, aliombwa na mtoto asiniambie, wakakubaliana kwamba mtoto ataniambia mwenyewe. Namwomba radhi kwa lile la waya.

Nilimuuliza Larissa kwa nini. Nilitarajia uvivu, au mvulana, na majibu ya yote mawili nilikuwa nayo tayari. Akasema: «Mu quatre, maths iko yangu. Mu six, itakuwa yako.»

Padri, ulinifundisha kujibu kila swali hata nisilolijua, walau kwa kuanza kuandika. Basi naanza hivi. Iliniuma, na ninapoandika bado inauma.

Nikamwambia basi anionyeshe hiyo yake. Akaleta daftari, akaniwekea zoezi. Nikakosa. Akaniwekea jingine rahisi zaidi, nikalikosa vibaya zaidi, mimi mtu wa Math-Physique. Akacheka hadi akalaza kichwa juu ya meza, Michelle naye akazima pasi aje kuona. Ni miaka sita sasa sijamsikia mtoto huyu akicheka mbele ya daftari la hesabu, na nikihesabu vizuri, ni miaka sita tangu nilipoanza kumsimamia.

Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeshaibandika. Tafadhali usibadilishe kitu.