Hakuna Harufu Usoke

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ndiye mimi. Wajumbe wa Kamati ya Gesi Safi, ambayo naiongoza mimi. Viongozi wa dini, wazee mashuhuri, mastekholda wote wa tumbaku wa Usoke, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watumishi.)

Mimi, Mratibu Mkuu Erasmus Limbu, nasimama kando ya njia waliyopita wapagazi wa misafara na pembe za ndovu mabegani, kuwatangazia kwamba zama za kubeba mizigo, zikiwemo kuni za kukaushia tumbaku, zimekoma, kwani mtambo huu nyuma yangu, wenye utepe, unachukua gesi ya samadi, ile inayonuka mayai viza kwa sababu ya salfa, unaipitisha kwenye vyuma vyenye kutu, kutu inainasa salfa, na gesi inatoka safi kwa asilimia tisini na tisa nukta saba, tayari kuingia kwenye mabani yenu ya kukaushia bila kula mabomba wala kuharibu ladha ya jani. (Makofi.)

Ndiyo maana mlichanga majembe chakavu na fremu za baiskeli, na ndiyo maana mimi binafsi, kwa uchungu wa maendeleo, nilipiga marufuku kuni tangu Desemba. Sasa vuteni pumzi. Nani anasikia harufu? (Sauti: "Hakuna.") Huo ndio ufanisi, ndugu zangu, na sisi hatukuhitaji hata maabara.

Naona mkono. Mama Rosalia Inamahoro anasema majani aliyochuma juzi yananing'inia kwenye bani la baridi, yameanza kuoza, na ndiyo ada ya wajukuu wake. Rudia mwisho, mama, wasikie.

"Kama gesi haiwaki leo, niruhusu kuni, mheshimiwa. Sina kingine."

Swali zuri, la kitaalamu. Litaingia feizi ya pili. (Miguno.)

Gesi safi, oyee! (Oyee, ya watumishi.) Kuni, zii! (Kimya.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi aliyeandika GESI ubavuni kwa mwandiko mzuri. Mchomeleaji wa Gongoni aliyevigeuza vyuma vyenu kuwa geti la ofisi ya mradi, ambayo kwa sasa ni nyumbani kwangu. Na shule ya msingi iliyotuazima tangi lake la maji, hili lenye utepe, ambalo mwalimu mkuu ananikumbusha tulirudishe kabla ya saa nane, watoto hawajanywa maji tangu asubuhi.

(Mama Rosalia anajifunga kanga kiunoni, anachukua panga, anaelekea porini. Mkutano mzima unamfuata.)

Naona wananchi wameanza utekelezaji. Asanteni kwa kunisikiliza.