Robo Tatu na Moja ya Sita

Jumatatu, 7 Julai
Jioni binti yangu kapiga, kwa simu ya mama yake. Wamehamia kwa bibi yake tangu masika. Mimi nimebaki na kibanda changu cha kinyozi na nyumba yenye mwangwi. Swali la shule: robo tatu jumlisha moja ya sita. Jibu nililiona papo hapo. Sikulitoa. Nikilitoa, simu inakatwa. Tukaanza na maana ya asili, yaani namba ya chini. Kisha vigawe vya nne: nne, nane, kumi na mbili. Kisha vya sita. Huko nyuma mama yake alikuwa akipanga vyombo. Bado anaanza na sahani, masufuria baadaye. Nikamwomba mtoto arudie vigawe vya nne.

Jumanne, 8 Julai
Tumefika kumi na mbili. Robo tatu ni tisa juu ya kumi na mbili. Moja ya sita ni mbili juu ya kumi na mbili. Kabla hajajumlisha nikamwambia achore duara, aligawe, apake rangi. Mama yake akauliza kwa mbali kama hesabu hiyo haina mwisho. Sauti yake, baada ya kimya chote kile. Hakusema nami, lakini nilipokea.

Jumatano, 9 Julai
Balaa. Jirani yao, mhasibu, kamwonyesha mtoto kwa mistari mitatu: kumi na moja juu ya kumi na mbili. Inasemekana ana miwani na sauti nzuri. Mtu wa haraka namna hiyo hafai kukaribishwa chai. Nilimwaza hadi nikamnyoa mteja upande mmoja na kumtakia siku njema.

Alhamisi, 10 Julai
Mpango mpya. Nimemwambia mtoto kuna njia nyepesi: juu kwa juu, chini kwa chini. Inakuja nne juu ya kumi. Akauliza mbona jibu ni dogo kuliko robo tatu yenyewe. Nikamwambia hesabu ina siri zake. Akikosa mawili matatu, atanihitaji wiki nzima.

Ijumaa, 11 Julai
Amekosa maswali yote shuleni. Amelia njia nzima. Mama yake akachukua simu. Sauti niliyoitamani, na moyo ukanienda mbio kama wa mposaji.

Akasema, "Hesabu hizi unazijua. Mtoto alikukosea nini?"

Nilikuwa na majibu, yote marefu. Nikasema nilitaka tu simu isikatwe. Hakukata. Nilimsikia akipumua, kisha akamrudishia mtoto.

Jumamosi, 12 Julai
Leo mtoto kanifundisha mimi. Polepole, hatua kwa hatua, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nikaitikia kila hatua. Alipomaliza akasema, "Baba, hata siku ambayo sina hesabu unaweza kupiga."

Mama yake naye akasema niende kesho mchana, nikae nao kama watu wanavyokaa, bila hila. Nimeapa.

Jumapili, 13 Julai
Nimepiga pasi shati. Lakini kukaa tu, watu huanzia wapi? Habari za nyumbani huisha kabla mtu hajavua viatu. Nimepita kwa muuza vitabu vilivyotumika. Nimenunua cha aljebra. Sielewi kitu, ila mfano wa kwanza peke yake una kurasa mbili na nusu. Tukianza baada ya chakula, jua litazama bado tunamtafuta huyo x.