Shilingi ya Wapi?

Mbaluka alikuwa wakili kwa kila kitu isipokuwa masomo, leseni na wateja. Tai alikuwa nayo. Mkoba wa ngozi alikuwa nao, na ndani yake mlikuwa na chaja na nusu ya mkate. Sheria alikuwa amejifunza mahakamani Kajiado, akiwa amesimama kizimbani, mahali ambapo mtu husikiliza kwa makini zaidi kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu.

Asubuhi ya siku hii alikuwa amekaa nje ya kibanda cha chai Kitengela, akipitia matangazo kwenye simu jinsi mwindaji anavyopitia nyayo. Ghafla akaacha kutafuna.

"Maina," alisema, "soma hapa."

Maina, aliyeuza makava ya simu kutoka Namanga hadi Athi River na kumsaidia Mbaluka katika mambo mengine yasiyohitaji kutajwa, aliinama akasoma. Lilikuwa duka jipya la mtandaoni, ofisi yake ikiwa Kajiado mjini. Pampu za maji za sola, Sh 90,000. Tunakuletea bure popote kaunti ya Kajiado. Lipa kutoka Kenya au Tanzania. Chini yake kulikuwa na namba mbili za malipo, moja ya kila nchi.

"Soma polepole, kama Biblia."

"Boss, nimesoma. Mimi sina tisini thao. Hata tisa sina."

"Elfu tisini za wapi?"

Maina alisoma tena. Kisha akatabasamu polepole, kama mtu anayefunguliwa mlango na askari aliyesinzia.

Kwa wasioishi karibu na mpaka, yafaa kueleza. Kenya ina shilingi na Tanzania ina shilingi. Jina ni moja, thamani sivyo: moja ya Kenya huenda kwa takriban ishirini za Tanzania. Ndiyo maana watu waangalifu huandika KSh au TSh. Mwenye duka hili alikuwa ameandika Sh, akaiacha hapo. Mtu aliyelipa elfu tisini kwa ile namba ya Tanzania angekuwa amelipa bei ya kuku kadhaa wa kienyeji.

"Lakini si alimaanisha za Kenya?" Maina aliuliza.

"Alimaanisha! Maina, sheria haisomi moyo, inasoma maandishi. Bei ikitangazwa na mteja akilipa, huo ni mkataba. Umemalizika."

"Kwa hivyo hii ni wizi ama ni sheria?"

"Ni sheria iliyoharakishwa."

"Na hizo pampu tutapeleka wapi? Mimi niko na ndoo moja pekee, na imetoboka."

Hilo Mbaluka alikuwa amekwisha kulifikiria. Huko Kimana kulikuwa na mtu anayeitwa Lesiamon, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa ameongeza ekari kadhaa za vitunguu, ambaye Mbaluka alikutana naye kwenye harambee na kumsikia akilaani bei ya dizeli kwa lugha tatu. Mtu kama huyo hahitaji kushawishiwa. Anahitaji kutajiwa bei tu.

Maina alikuwa na laini ya Tanzania. Kabla chai haijapoa waliagiza pampu tatu na kulipa laki mbili na elfu sabini za Tanzania. Simu ikalia papo hapo. Ujumbe ulisema: Asante kwa kununua.

"Umeona?" Mbaluka alisema. "Hawakuandika 'asante kwa kuuliza'. Wameandika kununua."

Mwenye duka aliitwa Wanjira. Alikuwa ameacha kazi ya mshahara, akauza ploti yake ya pekee huko Tuala, akanunua pampu tatu. Zile tatu ndizo zilizokuwa duka lote. Zikiondoka kwa bei ya kuku, hakungebaki duka, wala ploti, wala kazi ya kurudia. Alipoona malipo yameingia alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaangalia yameingia kwa laini gani.

Alipiga simu, akaeleza kwa upole kwamba kuna makosa na kwamba pesa zitarudishwa. Mbaluka alijibu kwamba atakuja mwenyewe. Akavaa tai.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, kalenda, na pampu tatu zilizopangwa kama maharusi wanaosubiri picha.

"Madam, mimi ni Mbaluka. Nimekuja kuona mali yangu."

"Karibu. Mali yako ni ile refund nilikutumia mara mbili ukaikataa."

"Mteja haletewi pesa, analetewa bidhaa. Ulitangaza shilingi elfu tisini. Nimelipa shilingi elfu tisini, mara tatu. Ulinishukuru, tena kwa maandishi. Unataka tena nini?"

"Hiyo message inajituma yenyewe."

"Basi mashine yako iko na adabu kukushinda."

Wanjira hakupaza sauti. Alikuwa amemuuliza wakili, wa kweli, na jibu alikuwa nalo. Bei inayoonyeshwa dukani au mtandaoni ni mwaliko tu, alisema. Anayetoa ofa ni mnunuzi, na mwenye duka yuko huru kuikataa. Na hata kama angekuwa ameikubali, mtu anayejua wazi kwamba mwenzake amekosea bei hawezi kuikalia bei hiyo na kuiita mkataba.

"Wewe ulijua," alisema. "Hakuna mtu alilipa Tanzania kwa bahati mbaya akiwa Kitengela."

"Nilijua nini? Mimi nilijua shilingi. Shilingi ni shilingi. Ukitangaza bei na usiseme ni ya wapi, mteja ndio anachagua. Kama hutaki hivyo, twende kortini. Mimi kortini ni kama nyumbani."

Hilo, angalau, lilikuwa kweli.

Hapa ndipo msimulizi analazimika kukiri jambo ambalo mawakili hulijua na hawalisemi mbele ya wateja. Sheria ilikuwa upande wa Wanjira, kabisa. Lakini sheria hutembea, na pampu hazikuwa na muda. Kabla kesi haijatajwa mara ya pili, Mbaluka angekuwa amejaza kurasa zote za mtandaoni za wanunuzi wa Kajiado habari za duka linalochukua pesa na kukataa kutoa mali. Duka la wiki mbili halina jina la kutetea.

Mbaluka alisoma hayo usoni mwa Wanjira, akafurahi kupita kiasi. Na furaha ilimfanya afanye jambo ambalo mjanja aliyekomaa hafanyi: alimalizia biashara mbele ya watu. Alipiga simu, akaiweka spika ili Wanjira asikie mali yake ikiuzwa.

"Sopa, mzee Lesiamon!" alimsalimia kwa Kimaasai.

"Epa. Nani huyo?"

"Ni Mbaluka, wa harambee. Zile pampu nimepata, tatu. Dukani ni elfu tisini tisini, lakini wewe nakupea zote tatu kwa laki mbili."

Ng'ombe alisikika akilia mahali fulani.

"Laki mbili," sauti ilisema.

"Shilingi laki mbili, mzee. Cash, mkononi."

"Hiyo ndiyo bei yako? Hakuna kitu ingine unataka kusema?"

"Hakuna kitu ingine."

"Basi tumepatana. Lete."

Mbaluka alikata simu na kumgeukia mwenye duka, mkono mmoja kifuani kama mtu anayesubiri wimbo wa taifa uishe. Wanjira alikuwa akimtazama kwa namna mpya, kama mtu aliyeona sarafu kwenye mchuzi.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?"

"Chukua pampu. Shilingi ni shilingi. Unataka zipelekwe wapi?"

Mbaluka alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya saa nzima; ushindi wa ghafla ulimwacha na maneno mengi yasiyo na kazi. Lakini tangazo lilisema usafirishaji ni bure, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kitu cha bure kimelala njiani.

"Kimana," alisema. "Kwa mzee Lesiamon. Andika namba yake."

Akaitamka mwenyewe, polepole, asikosee.

Siku iliyofuata Mbaluka na Maina walifika Kimana kwa Probox ya kuazima. Vitunguu vilikuwa vimelala safu kwa safu, majani yamejikunja kwa kiu. Pikapu ya Wanjira ilikuwa imetangulia. Pampu mbili zilikuwa zimeshafungwa, ya tatu ilikuwa ikiunganishwa, na Wanjira mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akinywa chai ya mwenye shamba.

"Huyu anafanya nini hapa?" Mbaluka aliuliza.

"Alinipigia aniulize njia," Lesiamon alisema. "Kisha tukaongea." Alikuwa mtu mnene, kofia ya ngozi kichwani, simu mbili mfukoni, na macho ya mtu aliyekagua meno ya ng'ombe wengi. "Pesa yako hii hapa, kijana. Hesabu."

Akamkabidhi bahasha nzito. Mbaluka aliifungua, akachungulia, akachungulia tena.

"Mzee, hizi ni za Tanzania!"

"Ni shilingi?"

"Ni shilingi, lakini..."

"Ni laki mbili?"

"Ni laki mbili za Tanzania! Hiyo ni kama thao kumi!"

"Ulisema shilingi laki mbili. Nikakuuliza kama uko na kitu ingine ya kusema. Huko Kitengela mnauza namna gani sijui, lakini hapa sokoni tunauza ng'ombe za pande zote mbili. Anayeuza ndiye husema shilingi ya wapi, kabla hatujapatana. Asiposema, anayenunua anachagua. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua hiyo."

Mbaluka aliinua kidole, kile cha mahakamani.

"Haya ni makosa! Ulijua kabisa nilimaanisha za Kenya! Mtu akijua mwenzake amekosea bei, hawezi kuikalia na kuiita mkataba! Hiyo ndiyo sheria!"

Maina alikohoa. Wanjira aliweka kikombe chini.

"Hiyo ndiyo nilikusomea Kajiado," alisema. "Nilidhani hukusikia."

"Kijana anaongea ukweli," Lesiamon alisema. "Hata mimi sipendi kudhulumu mtu. Twende kortini, sisi watatu. Kama hakimu atasema shilingi ni ya Kenya, mimi nakulipa laki mbili za Kenya, na wewe unamlipa huyu madam laki mbili na sabini za Kenya. Kama ni ya Tanzania, wewe umemlipa tayari, na mimi nimekulipa tayari. Piga hesabu."

Mbaluka alipiga hesabu. Alianza kwa kutumia kichwa, akahamia vidole, akarudi kichwani. Maina, ambaye hakuwa na cheo cha kulinda, alimaliza kwanza.

"Boss, kote kote unapoteza elfu sabini."

"Nyamaza."

"Ni kuchagua tu za wapi."

Lesiamon hakuwa amepoteza kitu. Wanjira alipompigia simu walikuwa wamekubaliana laki moja na elfu tisini, za Kenya, zikitajwa kwa jina na kurudiwa mara mbili. Ukijumlisha na zile za bahasha, pampu zilimgharimu laki mbili zilezile. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na fundi, na garanti, na mwenye duka wa kumpigia zikikataa. Pampu zilizouzwa na mtu mwenye tai na mkoba hazina mtu wa kupigiwa. Wanjira hakupata bei aliyoitangaza, lakini alipata mtaji wake na kitu cha juu, na duka likabaki duka.

Mtu wa shambani alipiga kelele kutoka chini. Bomba lilikohoa hewa, likatema tope, kisha maji yakaja, yakaanza kutambaa kwenye mifereji kati ya vitunguu. Wote waligeuka kutazama isipokuwa Mbaluka.

"Mzee," alisema hatimaye, kwa sauti iliyovuliwa tai, "hizi pesa Kitengela hazinisaidii. Hata mafuta ya kurudi sina. Hakuna mtu wa kunibadilishia?"

"Mimi hubadilisha," Lesiamon alisema. "Siku za soko. Lakini kwa sababu umetoka mbali, nitakusaidia leo. Ishirini na sita za Tanzania kwa moja ya Kenya."

"Ishirini na sita! Mzee, kila mahali ni ishirini!"

Lesiamon alitoa simu moja, akaangalia kioo chake kwa muda, akairudisha mfukoni.

"Basi inaonekana nimekosea bei, kijana," alisema. "Ichukue haraka kabla sijairekebisha iwe thelathini."