Firigisi ya Papa Guerschom

Jumanne, 10 Juni

Leo nimejua kwamba mimi ni makaa. Si masihara! Madame Emérence ameandika ubaoni: kaboni, hidrojeni, oksijeni, nitrojeni. Akasema mwili wa mtu, karibu wote, umejengwa kwa hivyo vinne, na kwamba kaboni iliyo ndani yangu haina tofauti na ile iliyo kwenye gunia la makaa jikoni. Nikaushika mkono wangu. Nikaushangaa. Mimi Kakule, muuza viatu vya mitumba pale soko la Owino, miaka yote hii nimeishi ndani ya maajabu bila habari.

Hapa niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma. Sikuingia darasa la jioni la biolojia kwa ajili ya biolojia. Niliingia kwa ajili ya Madame. Darasa liko kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Kisugu, ni la watu wazima waliokatiza masomo, wengi wetu Wakongo. Mpango wangu: kukaa mbele, kutikisa kichwa kama msomi, kisha kumsindikiza hadi kwao. Mpango unakwenda vizuri sana. Isipokuwa Sifuna.

Sifuna ni Mkenya, Mluhya, msimamizi wa duka la ndoo na matangi. Naye hukaa mbele. Leo ameuliza: kama kaboni ya makaa na ya mtu ni ileile, mbona mtu hawaki moto? Madame akacheka kwa furaha. Akasema mtu anawaka, ila polepole mno, na ndiyo sababu ana joto. Ninawaka! Nimekaa kitandani nimejishika shingo, ni moto kweli. Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa langu, ila nilikuwa sijalifikiria bado.

Alhamisi, 12 Juni

Habari kubwa! Tantine Princesse, dada ya marehemu baba na mwenye jiko ninalokula, amerudi kutoka kwa Papa Guerschom, baba yake Emérence. Papa amekubali kunipokea Jumapili baada ya ibada. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye mlango. Kisha Tantine akanikumbusha firigisi. Nikakaa chini.

Katika ukoo wa Papa Guerschom, kijana anayekuja kuomba binti huleta kuku aliyepikwa na upande wake. Firigisi ni ya baba. Haikatwi, haisagwi. Anaila nzima mbele ya watu wote, na hakuna wa kusema neno mpaka amalize. Akimaliza, mazungumzo yanaanza. Akiirudisha sahanini, kijana anaaga. Sasa, Papa amebakiwa na meno machache, na meno ya bandia hataki hata kuyasikia. Vijana wawili wameshaaga. Mmoja wao ni Bienfait, fundi wa redio. Anasema alimwangalia mzee akitafuna mpaka taya likamuuma yeye, akaanza kuongea ovyo habari za mvua, na firigisi ikarudi sahanini.

Darasani nilikaa kama mgonjwa. Madame akampa kila mtu kipande cha muhogo wa kuchemsha, akasema tutafune bila kumeza. Tukatafuna. Ukawa mtamu! Mtamu kama umetiwa sukari! Akaeleza kwamba wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na kwenye mate kuna kimeng'enya kinachoukata. Kila kimeng'enya na kazi yake. Kinakata, kinaachia, kinashika kingine, wala hakichoki. Kwamba kinywa hiki, kilichonitia aibu mara nyingi, kina mafundi wa namna hii ndani yake! Macho yalinilowa. Nilisema ni vumbi la chaki.

Kisha akasema hata papai bichi lina kimeng'enya chake kwenye utomvu, hicho kinakata protini, na wapishi hukitumia kulainisha nyama. Nikanyoosha mkono upesi. Nikauliza kama firigisi ni protini. Akasema firigisi ni msuli, na msuli umejaa protini; tena ndiyo meno ya kuku, kwa kuwa kuku hana meno, anasaga chakula tumboni kwa vijiwe anavyomeza. Basi mzee aliyepoteza meno anapewa meno ya ndege asiye na meno! Nilibaki mdomo wazi. Madame akaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ni mapenzi.

Njiani aliniambia waziwazi nifanye nini. Ninunue kuku mdogo. Firigisi ichemshwe taratibu kwenye sigiri ya makaa, muda mrefu, kama mama zetu wanavyofanya. Nije, nikae, ninyamaze. Nikakubali kila neno. Lakini kuchemsha anaweza mtu yeyote. Kijana wa sayansi hawezi kwenda kuomba mke na maji ya moto tu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenunua kuku kwa Halimah, jirani yangu wa biashara pale sokoni. Nilimwomba mkubwa kuliko wote, maana firigisi kubwa ni heshima kubwa. Akamvuta mmoja kwa miguu, akasema, "Ssebo, shika hii. Hii kuku iko na nguvu ya mwanajeshi." Kweli, alinidonoa kidoleni na kuniangalia kama koplo. Madame alisema kuku mdogo, lakini Madame hakuwa na habari kwamba papai linakuja.

Sifuna alipita akaniona. Akasimama, akambonyeza kuku kifua, akatikisa kichwa. Aliniambia huyo ni mzee, na kwao mtu hupeleka mtetea mchanga. Firigisi uimenye ile ngozi ya njano ya ndani, uichemshe bila haraka, utaona mambo. "Boss, kuku haina siri," akasema. Haina siri! Maneno ya mtu anayetaka nishindwe. Nikamshukuru kwa ubaridi.

Jioni mwanamke mmoja alimfuata Sifuna ukumbini na mwavuli. Akasema yeye ni Nelima, mke wake, mama watoto wake. Nimewaza sana. Mtu kufikia hatua ya kutafuta mke ili kunipoteza maboya! Huyu si mshindani wa kawaida.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi Tantine alichinja. Nikamwomba firigisi mimi mwenyewe. Akasema kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimeomba kazi ya jikoni, na akanishika kipaji cha uso kuona kama nina homa. Nikachanja mapapai mabichi, utomvu mweupe ukatoka, nikaupaka firigisi kama mafuta. Kisha, wazo kubwa! Madame alisema vimeng'enya hupenda joto la kiasi. Nikatia firigisi, utomvu na maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai ya Tantine, nikafunga. Vidole vinawasha na ngozi inachubuka. Nina protini na mimi, nilisahau.

Mchana tulikuwa na somo la ziada. Madame ameazima hadubini. Tukajikuna ndani ya shavu kwa kijiti, tukapaka kwenye kioo, akatia tone la rangi ya bluu. Zamu yangu ikafika. Nikaona ukungu. Kisha ukungu ukatulia, na pale chini palikuwa na kitu cheupe chembamba, umbo la chapati iliyokunjika ukingoni, na katikati doa la bluu. Nikauliza ni nini. Akasema, "Ni weye, Kakule. Ni seli yako."

Sikuweza kuondoa jicho. Ndani ya lile doa, anasema, kuna maagizo yote ya kunijenga mimi: pua hii, sauti hii, magoti ya babu. Na seli kama hiyo ninazo nyingi kuliko watu wote waliopo duniani, na kila moja inafanya kazi yake bila kungoja niiamrishe. Wala sijui zilivyo, na zinanibeba. Niliogopa kidogo. Nilitaka kuomba msamaha kwa namna ninavyozitumia.

Sifuna akaangalia yake. Akavua kofia. Kwa dakika ile nilimpenda kama ndugu, kisha Madame akamshika bega kumwelekeza, na mambo yakarudi yalivyokuwa.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya aibu.

Kabla ya ibada nikafungua chupa ya chai. Nikaangalia ndani. Nikaitikisa. Firigisi haikuwepo! Palikuwa na uji wa kijivu, na harufu ambayo sitaiandika. Vimeng'enya havichoki, Madame alituambia, na mimi niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mafundi wale walikata usiku kucha, hakuna aliyewaambia basi.

Mtu mwingine angelia. Mimi nikachuja uji ule kwa kitambaa, nikachanganya na unga wa ngano na chumvi, nikaufinyanga umbo la firigisi, na mfereji wake katikati, nikaukaanga. Ukatoka mzuri sana. Tantine akauangalia, akaniangalia, akasema yeye hayumo.

Tukafika. Papa Guerschom kwenye kiti chake, koti la ibada bado mwilini. Mama Benedicte, mkewe, pembeni. Emérence akaleta maji ya kunawa, akainama juu ya sahani, akanusa, akainua macho. Alijua. Akarudi jikoni haraka sana.

Papa akaombea chakula. Akachukua firigisi, akaitia kinywani nzima, akakunja mikono, akanikazia macho. Akajiandaa kama mtu anayeanza safari ndefu ya kurudi Butembo. Akafunga taya. Mara taya likasimama. Akatafuta kwa ulimi kulia. Akatafuta kushoto. Akaangalia sahani, akaangalia chini ya sahani.

"Iko wapi?"

Nikasema, Papa, umeimaliza.

"Nimemaliza nini? Mimi sijaanza!" Akamgeukia Mama Benedicte kama shahidi. "Hii kuku ilikuwa mugonjwa?"

Nikaanza kueleza protini. Nilipofika kwenye mnyororo akainua mkono. Kisha akasema jambo ambalo halijanitoka kichwani. Akasema firigisi haijawahi kuwa tamu kinywani mwake hata siku moja. Lakini mtu akiwa anatafuna hawezi kuulizwa kitu, na kijana aliye mbele yake hawezi kusema kitu, na katika kimya hicho mzee anapata kumwangalia. Mikono yake inafanya nini. Anamwangalia mama wa binti au anaangalia simu. Anaweza kukaa na watu bila kujionyesha? Yule wa kwanza alitoa simu. Bienfait akaleta mvua. Hakuna aliyeshindwa na meno, walishindwa na kimya.

"Weye nilitaka kukuangalia sana," akasema. "Nilianza tu, na ikaisha."

Nilihisi moyo unashuka hadi viatuni. Nilipewa muda wa kuonekana na baba yake Emérence, na nimeuyeyusha mwenyewe, kwa papai. Na yeye alitaka kuniangalia!

Akasema nirudi Jumapili ijayo na kuku ya kweli. Ya tatu hakuna.

Nje nikamkuta Emérence amekaa kwenye ngazi ya jikoni, anafuta machozi ya kicheko. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia ananipenda, na amelisema hilo kwao mbele ya wazazi, na mlango ulikuwa wazi kabla sijanunua papai hata moja. Nikae tu na ninyamaze, hicho ndicho kilichobaki. Na akasema hataki kuzeeka akiningoja nimalize kuwa mjanja.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo. Nikasema nimeelewa. Nikarudi nyumbani nikiwaka, na si polepole.

Jumanne, 17 Juni

Nimeelewa kabisa. Hakuna ujanja tena. Papa anataka kutafuna na kuniangalia, basi atafune na aniangalie. Nitakaa, nitanyamaza. Rahisi.

Leo Madame alikata kiazi vipande viwili, kimoja akatia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Mwisho wa somo akatupa tushike. Cha maji kilikuwa kigumu kimejaa, cha chumvi kimelegea kama sikio. Akaeleza: utando wa seli unaruhusu maji kupita, na maji huondoka kwenda palipo na chumvi nyingi. Hayasukumwi na mtu! Yanajua njia! Nilishika kile kiazi nikafikiria samaki wa chumvi wa Tantine, ambao walilegea vivyo hivyo siku ya kwanza, na baadaye, juani, wakawa mbao. Kumbe ni jambo lilelile. Dunia nzima ni jambo lilelile, kila ninapogusa linafunguka. Nilishindwa kuandika kwa mshangao.

Na hapo ndipo nilipoona. Kuku wa kawaida, firigisi ya kawaida, Papa atatafuna kidogo, ataniangalia kidogo. Ya nini kidogo? Mtu mwenye sifa nyingi kama mimi anahitaji kuangaliwa kwa muda. Firigisi ikinyonywa maji yote kwa chumvi, ikaanikwa kwenye bati, ikapitishwa moshini, Papa atatafuna mpaka watu wa ibada ya jioni wapite. Ataiona subira yangu yote. Emérence sijamwambia, atafurahi zaidi akishtukizwa.

Halimah ameniuzia jogoo ambaye hata yeye hakumbuki alimpata lini. Firigisi yake, nilipoigonga mezani, ililia kama jiwe.

Sifuna nimemwambia, kwa kuwa sasa hana la kufanya. Akaniuliza kwa upole kama yale meno ya mzee yaliyobaki yanakutana. Wivu unamtesa yule mtu. Nimeongeza chumvi.