Bei ya Mkwaju

Kang'ethe alifukuzwa kazi ya ukarani Nairobi mwezi wa nane mwaka wa 1999, na siku hiyo aliondoka na vitu viwili vya ofisi: muhuri wa raba na gazeti la wahasibu. Muhuri aliuiba kwa mazoea tu. Gazeti alilichukua la kusoma njiani, lakini alipofika ukurasa wa kumi na nne, akiwa ameketi hotelini katika mji wa Makindu, chai yake ilipoa mbele yake.

Gazeti lilisema kwamba huko ng'ambo wataalamu walikuwa wanatunga lugha ya kompyuta ya kuandikia ripoti za biashara. Kila kitu kingevishwa alama: jina lake mbele ndani ya mabano yenye ncha, kisha jina lilelile nyuma likiwa na mkwaju, kile kimstari kilichoinama, kuonyesha kwamba hapo pamefungwa. Kampuni zote zikitumia majina yaleyale, kompyuta ya Japani ingesoma ripoti ya Mombasa bila kumuuliza mtu.

Mwingine angesema ni maendeleo, akageuza ukurasa. Kang'ethe alijiuliza: hayo majina ni ya nani?

Hayakuwa ya mtu. Na kitu kisicho na mwenyewe, kwa imani ya Kang'ethe, kilikuwa kinamngojea yeye.

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya ubao katika ukumbi wa kanisa, tai shingoni, chaki mkononi. Mzee wa kanisa, Mutie, alikuwa amempa ukumbi bure kwa sababu mgeni aliomba kwanza waombe. Wafanyabiashara walijaa. Mwaka huo kila mtu aliogopa kompyuta. Redio ilisema zitachanganyikiwa mwaka wa elfu mbili ukiingia.

"Mimi ni Msajili wa Majina," alisema Kang'ethe. "Duka lolote duniani likiandika ripoti, litaandika hivi." Akaandika neno unga kwenye mabano, magunia kumi, kisha unga tena na mkwaju wake. "Sasa niwaulize, wazee. Hili neno unga, atakayelisajili kwanza, si ni lake?"

Ukumbini watu walianza kupiga hesabu kwa vidole. 

"Ati mtu wa Amerika akiandika unga, ananilipa mimi?" aliuliza Kilonzo, mwenye posho mill, kinu cha kusaga unga.

"Na bei utapanga mwenyewe, mzee wangu. Iko kwenye cheti."

Kilonzo alikuwa ameweka elfu kumi na mbili za kununua injini mpya, maana ile ya zamani ilikuwa inakohoa kama mgonjwa wa kifua. Alizitoa zote. Kufikia Alhamisi maneno manane yalikuwa yameuzwa, kila moja na cheti chenye muhuri, neno likiwa ndani ya mabano na kufungwa kwa mkwaju. Mutie, baada ya kufunga na kuomba siku nzima, alinunua neno sadaka.

Mumbua, mke wa Kilonzo, aliliona pengo la pesa kabla ya kukiona cheti.

"Baba Ndila, injini iko wapi?"

"Mama Ndila, wewe subiri Januari. Dunia nzima inakula unga."

Mumbua aliwahi kuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika kwa miaka tisa. Alikisoma kile cheti mara mbili. Ijumaa asubuhi alizunguka madukani akiwapongeza wenye maneno na kuwauliza, kwa sauti ya wivu, walinunua kwa ngapi. Kisha akaenda kwa Kang'ethe na shilingi hamsini kwenye leso.

"Bwana Msajili, nami nataka, lakini maneno mazuri ni ghali. Huniuzii hata kale kamstari?"

"Mkwaju?" Kang'ethe nusura acheke. "Mama, hako kachukue." Akagonga muhuri. Hamsini ni nauli, na alikuwa na safari: mchana huo angewaaga Makindu aelekee mji wa Kabati, ambako bado walikuwa na maneno yao yote.

Kwenye mkutano wa kuaga, Mumbua alisimama na cheti chake.

"Nauliza tu. Neno lisipofungwa na mkwaju, linasomeka?"

"Halisomeki, mama," alisema Kang'ethe, akijivunia mwanafunzi.

"Na mkwaju ni wangu, na bei napanga mwenyewe. Umetumia mikwaju minane kwenye vyeti vya hawa wazee. Ni elfu tano na mia nne kila mmoja."

Kang'ethe alitabasamu, akawageukia wazee waliokaa mbele ya ubao. Hakuona tabasamu hata moja.

"Kumbe uliniuzia neno halijafungwa?" alisema Mutie, akiinuka. "Sadaka iko wazi hivyo, kila mtu anaingia?"

"Mlipe mama!" alifoka Kilonzo, ambaye kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikuwa upande wa mkewe bila kujua kwa nini.

Kang'ethe aliutazama mlango. Wanaume wanne walikuwa wameuegemea. Angeweza kusema ukweli, kwamba neno haliuzwi, lakini aliwahesabu waliokuwa na fimbo, akaona ukweli una wakati wake. Akafungua mkoba. Mara nane elfu tano na mia nne ilikuwa arubaini na tatu elfu na mia mbili, yaani kila alichokusanya kwa yale maneno. Alibaki na ile hamsini.

"Utanipa risiti?" aliuliza kwa unyonge.

"Na shukrani," alisema Mumbua.

Baada ya ibada ya Jumapili, Mumbua alitandaza leso mezani nje ya kanisa. Injini ya mumewe ilikuwa tayari imelipiwa. "Yule mtu ni mwizi," aliwaambia waliobaki. "Arudishaye cheti, arudishiwe pesa zake."

Alikuja mmoja tu wa wale wenye maneno, Kavata, mwuza makaa, kwa sababu mtoto wake alikuwa hospitali. Wengine walirudi nyuma wakiwa wamekumbatia vyeti vyao kifuani.

"Mwizi hawezi kulipa hivyo," alisema Mutie kwa busara. "Kama mkwaju peke yake umeleta elfu arubaini, neno zima litaleta ngapi?"

Mumbua aliwabembeleza mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyesogea, isipokuwa fundi wa baiskeli aliyekosa mikutano yote. Alimkaribia, akatazama huku na huku, akanong'ona:

"Mama Ndila, hakuna hata neno moja limebaki?"

Mumbua alizitazama zile pesa zisizotakwa na wenyewe. Akamtazama fundi.

"Wewe ulikuwa unataka lipi?"